MAMBO YA NYUMBANI: Mtoto Aliyekwenda Kusoma Ng'ambo

Mwezi huu twataka kusema na wazazi na waalimu juu ya vijana wetu wa Engutoto waendao kusoma ng'ambo, na hasa juu ya miezi yao ya kwanza huko. Ndiyo miezi migumu, nasi tuliobaki nyumbani mara nyingi hatujui yanayowapata.

Safari hii si jambo geni katika nchi yetu. Katika miaka ya 1880 misioni ya Unguja iliwapeleka vijana Uingereza. Cecil Majaliwa alisoma Canterbury, na Hugh Peter Kayamba, Mbondei, alikaa miaka miwili katika shule ya Bloxham. Majaliwa akarudi, na mwaka 1890 akawa kasisi. Mwaka 1949 Julius Nyerere alikwenda Edinburgh, akahitimu mwaka 1952. Na jirani yetu wa Monduli, Edward Sokoine, alijifunza mambo ya utawala Ujerumani Magharibi mwaka 1962 na 1963. Baada yao wamekwenda wengi, na wengine wadogo zaidi. Mpango mmoja wa Wamarekani, ulioanzishwa mwaka 2002, umewachukua watoto wa sekondari wakae mwaka mzima wa masomo nyumbani mwa watu wasiopata kuwaona. Nao mpango wa Wajerumani uitwao weltwärts, ulioanza mwaka 2008 kwa kuwaleta vijana wao kwetu, ulianza mwaka 2013 kuwapokea vijana wa nchi zetu kwao.

Wazazi hudhani adui mkubwa ni baridi. Kweli baridi ya huko si ile ya Ngaramtoni mwezi wa Julai, lakini dawa yake ni koti na soksi nzito. Lililo zito zaidi ni giza. Kwetu jua huchomoza na kuchwa karibu saa zile zile mwaka mzima, na hesabu yetu ya saa imejengwa juu ya jambo hilo. Huko Edinburgh mwezi wa Desemba jua limekwisha kuchwa kabla ya saa kumi alasiri, na mwezi wa Juni lingali linaonekana karibu na saa nne ya usiku. Kijana atoka shuleni gizani, aingia nyumbani gizani, na moyo wake nao huingia giza asijue sababu. Afaa aambiwe mapema kwamba hali hiyo huwapata hata wenyeji wenyewe, wala si ugonjwa wa kuonea haya.

Kisha kuna chakula. Katika nyumba nyingi za Ujerumani chakula cha moto huliwa mchana, na jioni huwekwa mezani mkate, jibini na nyama baridi. Mtoto aliyezoea makande au loshoro hungoja chakula chenyewe kije, wala hakiji. Ndicho hicho alichokwisha kuwekewa. Tena hapa kwetu mgeni mwenye adabu akikaribishwa husema, "Nimeshiba," naye mwenye nyumba humsihi mara ya pili na ya tatu. Kule huulizwa mara moja tu. Ukisema hapana, sahani huondolewa, nao hudhani wamekuheshimu kwa kulisadiki neno lako. Waalimu, wafundisheni vijana jambo hili dogo kabla hawajapanda ndege, maana ni taabu kulala na njaa katika nyumba yenye chakula tele.

Kadhalika salamu. Mtoto wa Kimeru au wa Kiarusha amelelewa asipite mbele ya mtu mzima bila kumwamkia. Kule hupanda gari lenye watu hamsini, wala hakuna atakayemtazama, naye huona amedharauliwa. Hakudharauliwa, ndiyo desturi yao ya kumwachia mtu nafasi yake. Na mama wa nyumba akimwambia amwite kwa jina lake tupu, ulimi hukataa. Na amwulize siku ile ile ya kwanza, "Nikuite nani?" Wengi hukubali kuitwa mama, tena hufurahi. Shuleni nako, kunyamaza ambako kwetu ni heshima, huko mwalimu hukudhania kutojua.

Siku za kwanza kijana huyastahimili haya yote kwa sababu kila kitu ni kipya. Taabu halisi huja kama mwezi wa tatu, upya ukiisha. Ndipo tunapoona picha zake akicheka thelujini, nasi twasema amepata raha. Kumbe usiku ule alilia. Hasemi, kwa kuwa jamaa wote walimsindikiza hata uwanja wa ndege, naye aona haya kuwaambia kwamba amechoka.

Hapa twataka kusema wazi, hata kama wengine hawatapendezwa. Vijana wengi hunyamazishwa na sisi wenyewe. Juma la pili tu shangazi apiga simu akitaka mabati, mjomba ataka ada ya binti yake, jirani ataka simu. Lakini kijana wa sekondari aliyekwenda Marekani kwa kubadilishana haruhusiwi na sheria kuajiriwa, na yule aliyekwenda Ujerumani kujitolea hupewa fedha kidogo za matumizi tu. Hana. Basi hukopa, ama huacha kupokea simu, nasi twasema amekuwa Mzungu, ametusahau. Tumemjua mzazi aliyewakusanya ndugu kabla ya safari akawaambia, "Mtu asimwombe mwanangu kitu hata arudi." Walinuna, lakini mtoto aliongea na nyumbani mwaka mzima.

Nanyi akina mama, simu ya kila usiku pia haifai. Anayeongea na Tengeru hata usiku wa manane hana nafasi ya kukaa sebuleni na wenyeji wake na kujifunza lugha yao. Mara moja au mbili kwa juma yatosha. Msimwulize tu kama ni mzima, maana atajibu ni mzima. Mwulizeni amekula nini leo, ameketi na nani darasani, na Jumapili alikwenda wapi.

Mwisho, mama mmoja ametuuliza kama yafaa kumpelekea mwanawe samli na nyama kavu kwa mkono wa msafiri. Haifai, nchi za Umoja wa Ulaya haziruhusu abiria atokaye kwetu kuingiza nyama wala vitu vya maziwa, navyo vitatupwa pale pale uwanjani. Na ampelekee shuka zuri la kujifunika.