Resori za okazioni: nani analipa ikivunjika ku njia ya karieri?

M23 walikamata Kanyabayonga mu Juni 2024, kisha Goma mwisho wa Januari 2025. Toka hapo sehemu kubwa ya vipuri vya Butembo vinatoka mlango mumoja: Mombasa, Kampala, Kasindi. Njia ndefu, ushuru mwingi. Mwenyi gari akiona bei ya resori mupya anaenda ku okazioni. Hapo hana kosa, siye wote tunaishi na okazioni, kuanzia viatu mpaka motere. Tatizo liko pengine: resori inachaguliwa kwa macho na kwa bei, na mutu atakayepanda juu ya gari kwenda karieri haulizwi kitu.

Kuna watu wanaonunua resori za okazioni kwa kujifurahisha tu. Kenya wana Safari Rally tangu 1953. Mu 2021 ilirudi mu shampiona ya dunia, kule Naivasha. Pembeni ya magari ya viwanda vikubwa kuna wapenzi wa mbio wanaojilipia wenyewe, Kenya, Uganda na pengine duniani. Hawa nao wanauziana vitu vilivyotumika. Lakini resori ya mashindano kwa kawaida inaandikwa namba tatu: urefu, upana wa ndani na ugumu. Muuzaji anazisoma, mnunuzi anazilinganisha na uzito wa gari yake. Bei inazungumzwa nyuma.

Resori ya gari ya kawaida haina namba hizo. Mara nyingi iko na alama za rangi tu, na rangi ikiisha muuzaji anabaki na maneno matamu. Basi lazima tupime siye wenyewe, na kupima hakuombi shule kubwa.

Kwanza, unene wa waya. Kama mambo mengine ni sawasawa, resori ya waya wa milimita 13 ina ugumu kupita ile ya milimita 12 kwa zaidi ya theluthi moja. Milimita moja tu! Jicho halioni, chombo cha kupimia kinaona. Pili, mizunguko. Fundi akikata resori yenye mizunguko minane inayofanya kazi, akaacha sita, haijawa laini: imekuwa ngumu kwa theluthi moja, tena fupi. Gari inashuka, inagonga chini. Tatu, moto. Chuma cha resori kilipikwa kiwandani ili kirudi mahali pake. Ukikipiga shalimo ao kukisude, umeondoa ile nguvu. Kitakaa siku kidogo, kisha kitalala ao kitavunjika.

Nne, nunua mbili za gari moja, za upande mumoja wa mbele ao wa nyuma, na uzilinganishe. Zisimamishe chini palipo sawa, uweke mifuko miwili ya simenti juu ya kila moja, mutu ashikilie, upime urefu. Ile inayolala kupita mwenzake imechoka. Ukizifunga hivyo, gari itainama upande mumoja, na ku kona yenye matope utaona matokeo.

Fuso na pikapu za mizigo zina resori za mabamba. Huko angalia tundu la buloni ya katikati na pale brida zinapobana, juu ufa unapenda kuanzia hapo. Sugua kutu kwanza, kutu inaficha ufa. Na tusidanganyane juu ya kuongeza bamba. Ukitoka mabamba matano sawasawa kwenda sita, umepata kama sehemu moja ya tano ya ugumu. Ekseli, breki na matairi ni yale yale. Lakini mwenyi gari anahesabu bamba jipya kuwa ruhusa ya kupakia tani nyingine, na juu ya tani hiyo tunakaa siye, na mama mwenyi bidoni ya mafuta, na mtoto.

Tena kuna tofauti moja kubwa. Gari ya mbio ikivunja resori Naivasha, mafundi wanaingoja ku kituo chao, na dereva amefungwa mikanda. Gari yetu ikivunja resori ku njia ya Manguredjipa, tunashuka, tunangoja. Tunangojea wapi? Mu sekta ya Bapere, kule ADF wameua watu mara nyingi. Kwa hiyo shofere anaogopa kusimama. Anasikia kelele chini, anaendelea, na resori inavunjika pabaya zaidi. Kwetu usalama na fundi ni jambo moja.

Hata barabara nzuri haiondoi jambo hili. Mu 2021 Congo na Uganda walianzisha kazi ya barabara ambazo ndani yake mna kilometa 80 za Kasindi–Beni na 54 za Beni–Butembo. Sisi wa Kalunguta tuko ku hiyo ya pili. Lakini ukiacha barabara kubwa kuelekea shimo, matope ni yale yale.

Nani alipe? Leo mwenyi gari anaokoa pesa ku duka, na mchimbaji analipa ku njia: siku za kazi, mguu, wakati mwingine roho. Sheria ya madini ya 2018 inataka mchimbaji wa mikono awe mu koperative. Vizuri, basi koperative ifanye kazi ya wanachama. Sendika inaomba mambo matatu. Gari inayobeba wachimbaji iwe na daftari: resori ilibadilishwa lini, ilipimwa na nani. Vipuri vinunuliwe kwa pamoja, mbili mbili, na karatasi ya duka. Na shofere anayekataa kupakia kupita kiasi asifukuzwe.

Siku utasikia mwenyi gari anasema hana pesa ya kupima, umuulize: chombo cha kupimia waya na mifuko mine ya simenti ya kuazima ku dipo, vinashinda bei ya mutu mumoja?