Nani Atafagia Chini ya Magari?

Ndugu msomaji, ikiwa unaishi katika mtaa wa mjini wenye magari mengi, amka siku moja alfajiri, usimame mlangoni pako umtazame mfagiaji akiwa kazini. Utamwona mama aliyejitanda khanga, fagio la chelewa mkononi, akifagia vizuri mpaka afikapo kwenye gari la kwanza lililolazwa kando ya barabara. Hapo hulizunguka akaendelea mbele, kisha akalizunguka la pili na la tatu. Magari yanapoondoka kwenda makazini, barabara hubaki na mistatili ya mchanga, makopo na maganda ya machungwa, kila mmoja ukiwa na kipimo cha gari lililolala hapo.

Sisi wakazi wa mtaa mmoja hapa Dar es Salaam tumelalamika sana juu ya jambo hili. Tunatoa ada ya taka, nasi tumekuwa tukisema kwamba fedha zetu zinapotea bure. Mimi nilikuwa miongoni mwa waliosema kwa sauti kubwa. Asubuhi moja nilitoka kwa hasira, nikamwuliza yule mama kwa nini anaacha uchafu nyuma yake. Alinijibu kwa upole: "Baba, fagio ninalo mimi, lakini ufunguo wa gari unao wewe." Nikalitazama gari lililokuwa mbele yake. Lilikuwa langu. Ama kweli, nyani haoni kundule.

Pengine utauliza, mchanga kidogo una madhara gani? Barabara hujengwa ikiwa imeinuka katikati na kuinamia pembeni, ili maji ya mvua yakimbilie ukingoni na kuingia mtaroni. Kwa hiyo vumbi na taka hukusanyika ukingoni, yaani palepale tunapolaza magari yetu. Fagio likipita katikati tu, limefagia mahali pasipo na taka nyingi. Masika yakifika, mchanga tuliouhifadhi chini ya magari husombwa mpaka mtaroni, ukashikamana na takataka nyingine, mtaro ukaziba. Maji yaliyokosa njia huingia majumbani, na aingiliwaye kwanza mara nyingi si mwenye gari, bali ni bibi aliyepanga chumba cha chini na watoto walalao sakafuni.

Maradhi nayo hayakai mbali. Maji machafu yanayotuama mtaroni huzaa mbu aina ya Culex, waenezao matende. Kopo lililojaa maji ya mvua humlea Aedes, mwenye kueneza homa ya dengue, ambayo ililisumbua jiji hili mwaka 2014 na tena mwaka 2019. Wala hatujasahau kipindupindu cha mwaka 2015.

Lawama hii haiwezi kuwaacha wenye dhamana ya usafi. Kumtuma mfagiaji saa ambayo kila gari bado limelala, na katika siku asiyoijua mkazi yeyote, ni kumpa kazi isiyowezekana, kisha kumwachia matusi yetu. Jiji la New York lilianza mwaka 1950 utaratibu wa zamu: siku ya kufagia upande mmoja wa barabara, magari huondolewa upande huo, na asiyeondoa lake hutozwa faini. Kwetu jambo hili halihitaji mashine wala mkopo. Linahitaji siku na saa zinazojulikana, tangazo lililobandikwa penye macho ya watu, na mkutano wa mtaa wa kukubaliana.

Basi, ndugu msomaji, usingoje tangazo ndipo uanze. Leo ni Jumapili na jamaa wote wako nyumbani. Jioni hii, kabla hujalaza gari, liondoe mahali pake pa kila siku, uwaite vijana wako, wake kwa waume, mzoe mchanga ule kwa koleo. Kisha mwulize mfagiaji wenu hupita siku zipi, umwambie na jirani. Mimi na majirani watatu tumekwisha kuanza, na yule mama sasa hufika mpaka ukingoni. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Nasi tusipoondoa magari alfajiri, usiku wa mvua tutaondoa magodoro.