Nakuru ni nafuu, sawa. Lakini je, pesa yako itakufuata?

Tarehe 1 Desemba 2021 Nakuru ilipewa hati ya kuwa jiji, la nne nchini baada ya Nairobi, Mombasa na Kisumu. Tangu hapo swali moja limekuwa likizunguka kwenye matatu, maofisini na kwenye vikundi vya WhatsApp: "Nikitoka Nairobi nihamie Nakuru, si nitapumua kidogo?"

Wanaouliza wana sababu. Kodi ya Nairobi imewachosha, foleni imewachosha, na kila mwisho wa mwezi wakitazama salio kwenye simu hawaelewi pesa ilienda wapi. Halafu rafiki aliyehamia Section 58 au Kiamunyi anatuma picha ya nyumba kubwa, ya kodi ambayo Nairobi inalipia bedsita. Nani hatatamani?

Lakini hebu tuongee ukweli. Kwa maoni yangu, kodi ya chini peke yake si sababu ya kutosha ya kuhama. Swali la kwanza si "nyumba ni pesa ngapi?" Swali la kwanza ni: pesa inayoingia kwenye simu yako kila mwezi itaendelea kuingia ukiwa Nakuru? Kama itaendelea, hama na Mungu akubariki. Kama hujui, usipigie mwenye lori simu bado.

Uzuri upo, tusiukatae

Nakuru ina mambo yake. Iko kilomita 160 hivi kutoka Nairobi, kwenye barabara kuu inayoendelea hadi Eldoret, Kisumu na mpaka wa Uganda. Kwa mfanyabiashara, hapo ni njia panda: bidhaa zinapita, watu wanapita. Imezungukwa na mashamba ya Bahati, Njoro, Molo na Subukia, kwa hiyo viazi, kabeji na maziwa havisafiri mbali kabla ya kufika sokoni. Hali ya hewa ni ya kupendeza, na kutoka mitaa mingi unaweza kufika mjini kwa boda au hata kwa miguu. Yale masaa mawili uliyokuwa ukiyaacha kwenye jam kila siku unayarudisha nyumbani.

Tangu ugatuzi uanze mwaka 2013, ofisi za kaunti zimeleta watu na kazi. Kuna Chuo Kikuu cha Egerton kule Njoro na Kabarak upande wa pili, na palipo na wanafunzi hapakosi biashara ya nyumba, chakula na fotokopi.

Lakini jina la jiji halileti kazi lenyewe. Nakuru imeona viwanda vikija na vikiondoka. Kiwanda cha betri cha Eveready, ambacho kilikuwa jina kubwa mjini, kilifungwa mwaka 2014. Ukihamia kwa matumaini kwamba "kazi haiwezi kukosekana", kumbuka kuna wenyeji wanaoitafuta kazi hiyo hiyo, na wao wanajua mlango wa kubisha.

Fungua taarifa ya miamala kabla ya kufunga mizigo

Huhitaji mtaalamu wa fedha. Unayo simu. Omba taarifa ya miamala yako ya miezi mitatu iliyopita, chukua kalamu, kisha ugawe kila kitu katika mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni pesa zitakazobaki vilevile: ada ya shule, mchango wa chama, pesa ya mama kijijini, mkopo unaolipa. Hizi hazijali unaishi wapi. Nakuru haitazipunguza hata shilingi.

Fungu la pili ni pesa zitakazobadilika: kodi, nauli ya kila siku, chakula, maji. Hapa ndipo Nakuru inaweza kukusaidia.

Fungu la tatu ni pesa zitakazozaliwa. Leo hazionekani kwenye taarifa yako kwa sababu hazipo. Lori la kuhamisha vitu. Diposti mpya. Nauli ya kurudi Nairobi kuona wateja, kwenda hospitali uliyozoea, kuhudhuria mazishi na harusi. Wengi husahau fungu hili, na ndilo huwarudisha walikotoka.

Ukimaliza matumizi, geukia upande wa mapato. Weka alama kwenye kila malipo yaliyoingia na ujiulize: huyu alinilipa kwa sababu alinipata karibu, au angenilipa hata nikiwa mbali? Fundi wa nywele ambaye wateja wake wanakaa Umoja hawezi kuwabeba hadi Free Area. Lakini mtu anayeshona nguo na kuzituma kwa sacco za matatu, au anayefundisha na kuandika mtandaoni, pesa yake inamfuata popote. Wote wawili wanalipwa kwa simu, ila mmoja ni wa mahali na mwingine si wa mahali.

Hesabu ya nauli

Tuchukue mfano, nawe uweke namba zako. Tuseme unalipa kodi ya 16,000 Nairobi na umepata nyumba kama hiyo Nakuru kwa 10,000. Umeokoa 6,000 kila mwezi. Vizuri sana.

Sasa tuseme kazi yako inataka uonekane Nairobi mara mbili kwa wiki, na nauli ni 500 kwenda na 500 kurudi. Hiyo ni 2,000 kwa wiki, 8,000 kwa wiki nne. Zile 6,000 zimeisha na umeongeza 2,000 kutoka mfukoni, bila kuhesabu chakula cha mchana na matatu za ndani ya Nairobi. Ukienda mara moja tu kwa wiki, unatumia 4,000 na unabaki na 2,000. Na nauli hupanda Ijumaa na wakati wa sikukuu, na anayeijua barabara ya Naivasha na Gilgil mwezi wa Desemba anajua safari ya saa tatu inaweza kula siku nzima.

Bado kuna gharama ya kuanza. Lori 15,000, diposti 10,000, pazia na vitu vidogo vidogo 5,000: jumla 30,000. Utasema diposti ya nyumba ya zamani itarudi. Inaweza kurudi, baada ya kukatwa pesa ya rangi, na mara nyingi hurudi ukiwa umeshalipa ile mpya. Kwa faida ya 6,000 kwa mwezi, hizo 30,000 zinachukua miezi mitano kurudi, na hiyo ni kama huna safari hata moja ya Nairobi. Kwa faida ya 2,000, ni miezi kumi na tano.

Sisemi usihame. Nasema ujue mwezi ambao faida inaanza.

Gharama ambazo hazimo kwenye tangazo la nyumba

Maji ni la kwanza. Bonde la Ufa lina madini ya floraidi kwenye maji ya ardhini. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kiwango kisizidi miligramu 1.5 kwa lita, na visima vingi vya sehemu hizi vinapita hapo. Ndiyo maana utawaona watu waliokulia hapa wakiwa na meno ya rangi ya kahawia. Kwa mtu mzima meno yameshaundwa. Kwa mtoto mdogo ambaye meno yake ya kudumu bado yanaundwa, ni jambo la kuulizia. Na kuchemsha hakuondoi floraidi. Dayosisi Katoliki ya Nakuru kwa miaka mingi imetengeneza vichujio vinavyotumia mkaa wa mifupa kwa kazi hiyo. Kwa hiyo uliza: maji ya ploti ni ya mfereji au ya kisima? Yanakuja siku ngapi kwa wiki? Kama utanunua maji ya kunywa, yaweke kwenye hesabu kila mwezi.

La pili ni mahali nyumba ilipo. Ziwa Nakuru limepanda sana tangu mwanzoni mwa miaka ya 2010. Lilifunika lango kuu la zamani la mbuga, na upande wa Mwariki na Barut familia zikapoteza nyumba na mashamba. Naivasha nako, wapangaji wa Kihoto wameona maji ya ziwa yakiingia mlangoni. Nyumba nafuu kuliko majirani zake huwa na sababu. Waulize majirani, usimuulize ajenti.

La tatu ni jina lako. Mtaani kwako mama mboga anakujua; mwezi ukiwa mgumu unachukua sukuma na nyanya, unalipa Jumamosi. Mwenye duka anakupa unga. Mwenye nyumba anakuvumilia siku tano. Huo ni mkopo usio na riba, na haupandi lori pamoja nawe. Nakuru utaanza upya, na miezi mitatu ya kwanza hakuna atakayekukopesha hata kiberiti. Watu wengi hapo ndipo huanza kukopa kwa simu kununua chakula, mkopo juu ya mkopo, na ile kodi nafuu inaliwa na ada za mikopo. Kwa hiyo fika na pesa ya matumizi ya miezi mitatu, uiweke kwenye akiba ambayo si rahisi kuigusa.

Kama huna akiba hiyo leo, anza nayo kabla ya lori. Weka ile tofauti ya 6,000 kila mwezi ukiwa bado Nairobi. Ukishindwa kuiweka ukiwa mahali unapopajua, ugenini itakuwa ngumu zaidi.

Usitume diposti ya nyumba ambayo hujaingia

Hapa nataka unisikie vizuri. Mtu anayetafuta nyumba akiwa mbali ni windo rahisi. Picha nzuri mtandaoni, kodi ya kushangaza, halafu simu inaingia: "Boss wangu, kuna mtu mwingine anakuja kuiona saa nane. Tuma diposti sasa hivi nikushikie." Ukituma, simu inazimwa. Nyumba ipo kweli, lakini si yake, na ina mpangaji ndani.

Panda matatu. Nauli ya siku moja ni ndogo kuliko diposti. Fika mchana, ingia ndani, fungua mfereji, washa taa, uliza kama mita ya stima ni yako peke yako au mnachangia na jirani. Ongea na keateka, kisha ongea na mpangaji mmoja bila keateka kusikia. Muulize wanalipia kodi namba gani. Kama namba ya wapangaji na namba uliyopewa ni tofauti, simama hapo.

Wakati wa kulipa, soma jina linalotokea kwenye skrini kabla ya kukamilisha malipo. Jina lisipolingana na la mwenye nyumba au la kampuni yake, ghairi. Kama ploti ina Paybill au Till, lipa hapo na uandike namba ya nyumba. Usifute ujumbe wa malipo. Siku ya kudai diposti ndio ushahidi wako. Na ukigundua umetuma kusikofaa, wasiliana na huduma kwa wateja dakika hiyo hiyo, kabla pesa haijatolewa. Usingoje kesho.

"Wewe hama tu, utajipanga huko"

Kuna wanaosema mwenye kupiga hesabu sana hahami kamwe. Wana hoja. Nakuru imejengwa na watu waliokuja bila hesabu nyingi, kwa reli na kwa miguu, na wajukuu wao leo ndio wenye ploti. Pia kuna anayehama si kwa kutaka: amepoteza kazi, amepata uhamisho, ndoa imevunjika. Huyo hana muda wa kuchambua miezi mitatu.

Lakini kwa mwenye nafasi ya kuchagua, kuna njia ya katikati ambayo naiona bora kuliko zote: jaribu kabla ya kuhama. Acha vitu vyako Nairobi, chukua chumba kidogo Nakuru au ukae kwa ndugu kwa mwezi mmoja, ufanye kazi yako kama kawaida. Kama una watoto, mzazi mmoja atangulie, nao wamalize mwaka wa shule. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Siku mbili za kwanza kila jiji ni tamu. Jembe utalishika wiki ya tatu, mvua ikinyesha, mteja akiwa amechelewa kulipa.

Mwisho wa mwezi huo omba taarifa ya miamala tena na uiweke kando ya ile ya zamani. Tazama kilichoingia kwanza, halafu kilichotoka. Kama mapato hayajashuka na kilichobaki kimeongezeka, una jibu. Kama mapato yameshuka kuliko kodi ilivyoshuka, pia una jibu, na umelipata kwa bei ya chumba kimoja cha mwezi mmoja.