Dereva na mtembea kwa miguu Izigo: kwa nini ugomvi wa barabara hauishi

Tukifungua simu kwa wasikilizaji kuzungumzia usalama barabarani, hazipiti dakika tano kabla simu hazijagawanyika kama siku ya Simba na Yanga. Anapiga dereva wa Haisi, analalamika kwamba watu wa Izigo wanatembea juu ya lami kana kwamba wako kwenye kibanja chao. Baada yake anapiga mama, anasema wanawe huvuka barabara hiyo kwenda na kurudi shule, na magari hayapunguzi mwendo hata yakiwaona wameshikana mikono wanasubiri. Kisha anaingia kijana wa bodaboda, ambaye analaumiwa na hao wote wawili. Muda wa kipindi unakwisha na kila mmoja anabaki na hasira yake.

Redioni dakika ni chache, ndiyo maana tumeona tuliandike jambo hili mlisome kwa utulivu. Tuseme mapema tunavyoona sisi. Dereva anasema kweli na mtembea kwa miguu naye anasema kweli. Lakini wote wawili wanabishania tabia, wakati kinachoua ni vitu viwili vinavyoweza kupimwa kwa futi na kwa saa ya gari: ukingo wa barabara na mwendo.

Barabara moja, kazi mbili

Barabara kuu inayotoka Bukoba kwenda Muleba haiishii Muleba. Kusini inakwenda Biharamulo na Lusahunga, huko inaungana na njia za Mwanza na Dar es Salaam. Kaskazini inapita Kyaka hadi mpakani Mutukula na kuingia Uganda. Dereva wa semitrela aliyetoka Dar es Salaam ameshakula zaidi ya kilomita elfu moja. Kwake Izigo ni dakika chache tu kati ya safari ya siku mbili, pengine hata jina la mahali halijui.

Kwa mtu wa Izigo barabara hiyo hiyo ndiyo njia ya kwenda shule, zahanati, mashine ya kusaga, gulio, kanisani, msikitini na msibani. Njia nyingine ya maana hana. Zamani, barabara ilipokuwa ya vumbi, mashimo yenyewe yalikuwa trafiki. Gari lilitambaa, na mtu alikuwa na muda wa kusogea. Lami ilipokuja tuliishangilia, na haki tulikuwa nayo, kwa sababu ndizi zinafika mjini zikiwa mbichi na mgonjwa anafika hospitali akiwa hai. Ila lami iliyaondoa yale mashimo bila kumpa mwenda kwa miguu mahali pake, na maduka, vibanda vya chipsi na vijiwe vya bodaboda vikasogea barabarani kufuata wateja.

Kuna jambo la kwetu Kagera ambalo dereva mgeni halijui. Huku hatukai kwenye mitaa iliyonyooka. Nyumba zimo ndani ya migomba, na kutoka kila kibanja kuna kijia kinachotokeza moja kwa moja barabarani. Migomba na mibuni ni ukuta. Dereva hamuoni mtoto mpaka mguu wa mtoto uwe umekanyaga lami, na mtoto naye haoni gari mpaka atokeze kichwa. Dereva anaapa kwamba mtoto aliruka tu ghafla, na kwa macho yake ndivyo ilivyokuwa.

Ongeza msimu wa senene. Novemba na Desemba zikifika, watu hutoka usiku na ndoo na viroba kuwafuata kwenye taa, na taa zenyewe mara nyingi ziko kandokando ya barabara. Mtu anayewinda senene anatazama juu. Gari haliko kwenye mawazo yake kabisa. Tunacheka tukisimuliana habari hizi, lakini wenye magari wamekuwa wakitupigia kwa hofu ya kweli kuhusu usiku huo.

Sekunde moja

Sasa tuje kwenye mwendo, maana hapa ndipo mabishano mengi yanapokwama. Dereva husema: "Mimi nina breki nzuri, nikimuona mtu nasimama." Tupige hesabu pamoja naye.

Tuchukulie lami ni kavu, breki na matairi ni mazima, na dereva anatumia sekunde moja kuona, kuamua na kukanyaga breki. Akiwa kwenye mwendo wa kilomita 50 kwa saa, katika sekunde hiyo moja gari linakwenda karibu mita 14 kabla breki haijaanza kazi. Kisha linahitaji mita nyingine 14 hivi kusimama. Jumla mita 28. Akiwa kwenye kilomita 80, sekunde hiyo inakula mita 22, na kusimama kunadai nyingine 35. Jumla mita 57, zaidi ya nusu ya uwanja wa mpira.

Tuseme mtoto ametokeza kwenye migomba mita 28 mbele. Dereva wa 50 anasimama miguuni pake. Dereva wa 80, akifika alipo yule mtoto, ndiyo kwanza breki zimeanza kushika, na gari bado liko kwenye kilomita zaidi ya 70 kwa saa. Wote wawili wamekanyaga breki sekunde ile ile. Na hesabu hii ni ya siku kavu. Mvua za kwetu mnazijua. Lipakie Fuso mikungu ya ndizi mpaka juu, au literemshe mlima likiwa nyutro kama baadhi ya madereva wanavyofanya ili kuokoa mafuta, na mita zinaongezeka sana.

Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba hatari ya mtu kufa akigongwa na gari kwa mbele inaongezeka mara nne na nusu mwendo unapopanda kutoka kilomita 50 hadi 65 kwa saa. Ripoti ya shirika hilo ya mwaka 2023 inataja watu milioni 1.19 wanaokufa barabarani duniani kila mwaka, na zaidi ya mmoja kati ya kila watano ni mtu aliyekuwa anatembea kwa miguu. Kwa watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29, ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kwa kuua, mbele ya ugonjwa wowote.

Kwa hiyo kile kibao cha 50 mnachokiona magari yakiingia vijijini kina hesabu nyuma yake. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inaweka kilomita 50 kwa saa kwenye makazi ya watu, na kwa mabasi na magari mazito inaweka 80 hata nje ya makazi. Dereva anaijua sheria hii vizuri. Tunafahamu anaijua kwa sababu akiona trafiki ameshika tochi anashuka hadi 50 papo hapo, kisha anawapigia taa wenzake wanaokuja ili nao wajihadhari. Kupigiana taa huko madereva wanakuita undugu wa barabarani. Sisi tunajiuliza kwa nini hakuna anayempigia mwenzake taa kumwambia kwamba mbele watoto wametoka shule.

Mtembea kwa miguu naye

Tusiwe wanafiki. Nasi watembea kwa miguu tuna yetu. Kanuni ya kutembea upande wa kulia ili magari yanayokukaribia uyaone usoni inafundishwa shule ya msingi, lakini jioni ukipita barabarani utakuta kundi zima linatembea kushoto, mgongo kwa magari, simu mkononi. Kuna wanaotoka kwenye rubisi saa tatu usiku wamevaa nguo nyeusi. Kuna wanaoegesha baiskeli ya ndizi nusu ndani ya lami wakipatana bei. Kuna wanaoanika maharage kwenye bega la barabara, halafu mtembea kwa miguu anayekuta bega limejaa maharage anashuka kwenye lami. Hapo si dereva aliyemsukuma.

Pale penye zebra, mwenye haki ya kupita ni anayevuka, na dereva lazima asimame. Pasipo na zebra mvukaji anapaswa kusubiri nafasi, lakini hilo halimpi dereva ruhusa ya kumgonga. Wajibu wa kuendesha kwa tahadhari haukomi mahali alama zinapokoma.

Yakishatokea

Sheria inamtaka dereva aliyegonga mtu asimame, asaidie, na atoe taarifa polisi. Madereva wengi wanatuambia wazi kwamba hawasimami, wanakimbia hadi kituoni, kwa sababu wanaogopa kuchomewa gari au kuuawa. Hofu hiyo si ya kubuni. Lakini mawe yanayorushwa yana gharama yake upande wetu pia: dereva asiyesimama ndiye aliyekuwa na gari la kumkimbiza majeruhi hospitali, na dakika zile za mwanzo ndizo zenye thamani. Kwa kumpiga dereva wa leo, tunamfundisha dereva wa kesho akimbie.

Halafu kuna kumalizana nyumbani. Familia inaletewa sanduku, gunia la mchele na fedha kidogo, inasaini karatasi, basi. Wengi hawajui kwamba kila gari linatakiwa kuwa na bima, walau ile bima ndogo, na kwamba bima hiyo ndogo imewekwa kwa ajili ya mtu mwingine anayeumizwa na gari, si kwa ajili ya mwenye gari. Mtu aliyegongwa anaweza kudai. Familia ya aliyefariki nayo inaweza kudai kupitia msimamizi wa mirathi.

Kinachohitajika hasa ni kumbukumbu. Andika namba ya gari mara moja, au piga picha kwa simu. Namba hiyo inatosha kuangalia kwenye mfumo wa TIRA MIS kama gari lina bima na ni ya kampuni gani. Chukua PF3, tunza risiti zote za hospitali, omba taarifa ya polisi na ramani ya tukio. Msikae mkisubiri huruma, kwa sababu kesi ya madai ya aina hii ina ukomo wa miaka mitatu.

Tuta linaombwaje?

Mara nyingi mtu akifa, kesho yake vijana wanapanga magogo na mawe barabarani, au wanachimba tuta lao. Tunaelewa uchungu huo. Ila tuta la kienyeji lisilo na kibao wala rangi, usiku, linamuua mwenye bodaboda, na huyo mara nyingi ni mtoto wa kijiji hicho hicho.

Kosa la pili ni kupeleka ombi kusikohusika. Barabara kuu na za mkoa ni za TANROADS. TARURA wanashughulika na barabara za wilaya, za vijijini na za mitaa ya mjini. Ukiomba tuta la barabara kuu TARURA, barua yako italala. Ombi la Izigo linaanzia kwenye mkutano wa kijiji, liandikwe kwenye muhtasari, lipite kwa mtendaji wa kata na diwani, liende kwa Meneja wa TANROADS Mkoa wa Kagera. Kuna pia Bodi ya Barabara ya Mkoa, ambayo mwenyekiti wake ni Mkuu wa Mkoa na wabunge ni wajumbe. Mbunge akiulizwa na wapiga kura wake kwa maandishi, ana mahali pa kulisemea.

Na msiombe tuta peke yake. Madereva wa malori wanayalalamikia matuta, na kwenye barabara kuu yakizidi yana madhara yake. Ombeni njia ya miguu nje ya lami, hata ya changarawe iliyoshindiliwa, kutoka shuleni hadi senta. Ombeni zebra yenye vibao kabla yake, na rasta za kumshtua dereva. Ombeni migomba na vichaka vilivyo ndani ya hifadhi ya barabara vipunguzwe pale vijia vinapotokeza. Hili la mwisho halina haja ya mkandarasi: kwa barabara kuu, hifadhi ni mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara kwa Sheria ya Barabara ya mwaka 2007, na kupunguza majani yanayoziba macho mnaweza kukubaliana na ofisi ya barabara mkafanya siku moja ya msaragambo.

Mambo madogo kama haya yamejaribiwa nchini. Shirika la Amend lilianza Dar es Salaam mpango unaoitwa SARSAI, wa kwenda shule ambazo watoto wake wanagongwa sana na kuweka matuta, njia za miguu, vizuizi na zebra, na hata kuhamisha geti la shule likatazame upande usio na magari. Mwaka 2019 mpango huo ulipata tuzo ya kimataifa ya miji ya WRI Ross, baada ya utafiti kuonyesha kwamba majeruhi walipungua kwenye maeneo uliyofika. Hakuna flaiova iliyojengwa.

Mkiandika barua yenu, wekeni ndani yake mahali penyewe panapohusika, kwa mfano kati ya duka fulani na kanisa fulani, idadi ya wanafunzi wanaovuka hapo asubuhi, na tarehe za ajali mnazozikumbuka. Mwalimu anaweza kuwapa wanafunzi wa darasa la sita kazi ya kuhesabu wavukaji kwa wiki moja. Nakala tuleteeni studio. Tutaisoma hewani, na jibu likija tutalisoma pia. Lisipokuja, tutapiga simu ofisini kuuliza mkiwa mnasikiliza.