Pumu Si Uchawi, na Dawa Yake Si Anasa



Baridi ya Juni na Julai inaposhuka hapa Ipogolo, moshi wa malori yaendayo Mbeya na Zambia hukutana na moshi wa kuni zetu. Ndipo mwenye pumu hukesha ameketi kitandani, kifua kikilia kama filimbi. Nasi jirani husema nini? "Amerogwa." Wenye huruma huongeza lililo baya zaidi: "Msimpe dawa ya kuvuta, ataizoea, hiyo ni ya wanaokufa."

Uongo huu unaua. Katika pumu, njia za hewa mapafuni huvimba kwa ndani, misuli inayozizunguka hukaza, na ute mzito huziba palipobaki. Hewa huingia kwa shida na kutoka kwa shida zaidi. Salbutamo hulegeza misuli kwa dakika chache, lakini uvimbe hubaki pale pale. Unaotuliza uvimbe ni dawa ya kuzuia, kama beklometasoni, ivutwayo kila siku hata mgonjwa akijiona mzima. Haimfanyi mtu mtumwa wake. Dawa zote mbili zimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Shirika hilo hilo lilikadiria kwamba mwaka 2019 pumu iliua watu 455,000, wengi wao katika nchi maskini. Je, ni majaliwa hayo, au ni dhuluma?

Basi, viongozi wa jumuiya, iulizeni kamati ya zahanati: dawa ya kuzuia ipo? Kama haipo, kwa nini? Ulizeni tena mwezi ujao.

Nasi tusijifiche. Katika sherehe zetu akina mama hupika siku nzima ndani ya moshi, kisha tunawashukuru kwa makofi. (Na ubani je? Mwenye pumu aachiwe nafasi karibu na mlango, bila kunong'onwa.) Serikali imekusudia asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Jiko la parokia lingoje hadi mwaka huo?

Pumu ikimshika mtu, aketishwe wima, asilazwe, avute salbutamo yake. Akishindwa kumaliza sentensi, au midomo ikigeuka rangi, apelekwe hospitali usiku huo huo. Kila jumuiya ijue leo ni nani mwenye gari atakayegongewa mlango.