Kikombe, Mizani na Fungu la Mchicha

Katika kufundisha vipimo, aghalabu mwalimu huanza kwa kuandika ubaoni kwamba gramu 1,000 ni kilo 1, na mililita 1,000 ni lita 1. Wanafunzi huimba, hunakili na kupata alama za vema. Kwa maoni yetu, somo lililoanza hivyo limeanzia mwisho. Kipimo huzaliwa na haja ya kupima, na haja hiyo hukaa jikoni kabla ya kufika ubaoni.

Tuchukue mfano wa Olbalbal, wilayani Ngorongoro, katika bonde linalopokea maji ya Korongo la Oldupai. Wenyeji wengi ni wafugaji wa Kimaasai. Ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro kilimo kilikatazwa kwa sheria mwaka 1975, kikaruhusiwa kwa muda mwaka 1992, na kikakatazwa tena mwaka 2009. Kwa hiyo mboga za majani hazichumwi nyuma ya nyumba. Hununuliwa kutoka kunakolimwa, kama vile Karatu, na huuzwa kwa fungu. Fungu halina namba: bei yaweza kubaki ile ile huku majani yakipungua. Tena mboga hunyauka njiani. Mjini, mwenye friji huigandisha. Asiye nayo huikausha, kama Wagogo wa Dodoma wanavyokausha mlenda tangu zamani.

Hapa ndipo hesabu inapoanza. Takriban sehemu tisa katika kumi za mchicha ni maji. Mboga iliyogandishwa hubaki na sehemu kubwa ya maji hayo. Iliyokaushwa huyapoteza karibu yote. Basi mapishi yakisema "vikombe viwili vya mboga," ni mboga ipi? Kikombe cha majani mabichi kimejaa hewa zaidi kuliko majani. Kikombe cha mboga iliyochemshwa kidogo kisha ikagandishwa kimeshikamana. Kikombe cha majani makavu yaliyopondwa, kikilowekwa, huumuka na kutosha watu wengi zaidi. Kikombe hupima nafasi; mizani hupima uzito. Mwanafunzi asiyeitambua tofauti hii ataweza kugeuza gramu kuwa kilo maisha yake yote, na bado apunjwe sokoni.

Twapendekeza somo la namna hii kwa darasa la nne au la tano. Mwalimu alete mafungu mawili ya mchicha yenye bei moja. Wanafunzi wakisie kwanza lipi zito, ndipo wapime. Shule isiyo na mizani itengeneze kwa mti ulionyooka, kamba na makopo mawili yanayolingana. Pakiti ya chumvi ya nusu kilo itakuwa jiwe la mizani. Fungu moja likatwe, lipimwe kwa kikombe, lipikwe, lipimwe tena, kisha liliwe, maana chakula hakitupwi. La pili lioshwe na lianikwe kivulini penye upepo, kwani jua kali huharibu vitamini A. Lipimwe kila siku hadi uzito usipungue tena, na matokeo yaandikwe katika jedwali. Humo mna kutoa, sehemu, asilimia na grafu, bila mwalimu kutafuta mifano ya kubuni.

Wako watakaosema kwamba muhtasari ni mrefu na mtihani unakaribia. Hoja hiyo ina uzito, lakini vipindi viwili vya kupima na dakika chache za kila siku si gharama kubwa. Zaidi ya hayo, mtoto wa mfugaji haji shuleni mikono mitupu: amekwisha kuona maziwa yakigawanywa kwa kibuyu, na anajua ng'ombe yupi amepunguza. Kazi ya mwalimu ni kuupa ujuzi huo namba, si kuufuta.

Basi, ninyi mnaojiandaa kwenda vijijini, hatuna budi kuwahimiza jambo moja. Kabla ya kumwuliza mwanafunzi "kiasi gani?" mzoezeni yeye kuuliza: kiasi gani cha nini, kikiwa katika hali gani, na kimepimwa kwa chombo gani? Atakayeuliza hivyo mbele ya fungu la mboga ameanza kujifunza vipimo.