Kompyuta isiuzwe kwa picha za kujazia

Kuna maneno mapya sokoni ambayo sisi tunaonunua na kuuza kompyuta zilizotumika inatupasa tuyaelewe kabla hayajatutia hasara. Muuzaji anakuwashia kompyuta, anafungua mchezo wa mpira au wa magari, kisha anakuonyesha namba pembeni mwa skrini: 120. "Bosi, mashine hii inatoa fremu 120 kwa sekunde." Kweli, picha inateleza kama mafuta. Unalipa, unaifunga, unaivusha mpaka. Wiki haijaisha, mteja wako anapiga simu akilalamika kwamba mchezo ni mzito, akibonyeza mchezaji anachelewa, na mwenye mali ameingia mitini.

Hakuna mwizi aliyebadilisha mashine njiani. Kilichouzwa ni programu ya kujazia picha, na muuzaji hakusema.

Ndugu msomaji, tuanze na jambo lenyewe. Picha inayotembea ni picha nyingi zilizosimama, zikipita haraka mbele ya macho. Sinema tangu zamani hutumia picha 24 kwa sekunde. Mchezo wa kompyuta hauna mkanda uliorekodiwa. Mashine yenyewe inachora kila picha pale pale, kufuatana na unavyobonyeza. Mashine yenye nguvu huchora 60 au zaidi kwa sekunde. Dhaifu huchora 30 au 20, na hapo picha huanza kukwamakwama.

Programu ya kujazia hufanya hivi: huchukua picha ya kwanza na ya pili zilizochorwa na mchezo, hutazama kila kitu kimesogea kutoka wapi kwenda wapi, kisha hubuni picha ya katikati. Inayojulikana zaidi kwa watu wa kipato cha chini ni Lossless Scaling, inayouzwa kwa chini ya dola 10. Ilianza mwaka 2018 kama programu ya kukuza picha, na mwaka 2023 ikaongezewa uwezo huu wa kujazia. Haichagui kadi ya michoro, mpya au ya zamani, ndiyo maana imependwa. Kampuni kubwa nazo zina za kwao: NVIDIA ilileta yake mwaka 2022 pamoja na kadi za RTX 40, na AMD ikafuata mwaka 2023.

Sisemi ni ulaghai. Mimi ni mwalimu, na hapa Kagugu tunajua thamani ya mashine ndogo. Tunakumbuka zile kompyuta za kijani na nyeupe za mradi wa One Laptop per Child, zilizoanza kuingia katika shule za Rwanda mwaka 2008, za kwetu zikiwemo. Uwezo wao ulikuwa megahezi 433 tu, lakini watoto walijifunza. Kijana asiye na fedha za kadi mpya akitumia dola chache kufanya mchezo wake upendeze, ana haki, na anayemcheka hajui dhiki.

Shida ni kwamba kujazia kuna gharama zake, na gharama hizo hazionekani kwenye ile namba.

Gharama ya kwanza ni kuchelewa. Huwezi kubuni picha ya katikati kabla hujaiona ile ya pili. Kwa hiyo programu inaizuia picha mpya kidogo, inaonyesha kwanza ya kubuni, ndipo inaiachia ya kweli. Mchezo unaokwenda kwa picha 30 hutoa picha moja kila milisekunde 33 hivi. Ukiuzuia hapo, unachokiona ni jambo lililokwisha kupita. Macho yanaona 60, lakini mchezo wenyewe bado unapokea amri za mkono wako kwa mwendo wa 30, tena kwa kuchelewa zaidi ya awali. Kwenye mchezo wa kutembea polepole huenda usijali. Kwenye mpira au wa kulengana shabaha, umefungwa kabla hujageuka.

Ya pili ni kwamba kazi ya kubuni hufanywa na kadi ile ile iliyochoka. Tuseme ilikuwa inatoa picha 40. Ukiwasha programu, inapunguziwa nguvu na kushuka hadi 33, kisha inazidishwa mara mbili na kuandikwa 66. Mnunuzi anaona faida ya 26, kumbe amepoteza 7 za kweli.

Ya tatu ni makosa ya picha. Vitu vikienda kasi, programu hukisia vibaya: mguu wa mchezaji unaacha kivuli, maandishi ya pembeni yanatetemeka. Kadiri picha za kweli zinavyokuwa chache, ndivyo makosa yanavyozidi. Kwa hiyo mwenye picha 60 za kweli hunufaika, na mwenye 20 huharibikiwa. Dawa hii humfaa zaidi mwenye afya kuliko mgonjwa.

Waliokulia uhamishoni kama mimi, tuliosoma Tanzania na wenzetu wa Uganda, tunawakumbuka watafsiri wa filamu kwenye vibanda vya video. Kampala wapo akina VJ Jingo, Kenya yupo DJ Afro. Mtafsiri hutia maneno yake pale ambapo mwigizaji hakusema kitu, na watu hucheka na kufurahi. Hakuna ubaya, maana kila aliyelipa kiingilio anajua kuwa mtafsiri anaongeza chumvi. Ubaya ungeanza siku mtu angekuuzia maneno ya mtafsiri akidai ni ya mwigizaji.

Na tusidhani ni wauzaji wadogo peke yao. Januari 2025, huko Las Vegas, mkuu wa NVIDIA, Jensen Huang, alitangaza kuwa kadi ya RTX 5070 ya dola 549 ingetoa uwezo wa RTX 4090, iliyotoka kwa dola 1,599. Hesabu hiyo ilitegemea picha za kujazia, hadi tatu kwa kila moja ya kweli. Kadi ilipoingia sokoni mwezi Machi na wapimaji wakaijaribu bila kujazia, ilikuwa nyuma sana ya hiyo 4090. Wakubwa wakihesabu hivyo jukwaani, wa dukani atajifunza nini?

Mpaka hapo msomaji atasema hii ni michezo ya watoto. Hapana, hii ni mizani. Mfanyabiashara wa maharage anajua kuwa Tanzania kuna Wakala wa Vipimo, na hapa kwetu kuna RSB, wanaokagua mizani ili kilo iwe kilo. Maziwa yakitiwa maji huitwa wizi. Kwa nini picha ya kubuni ihesabiwe sawa na picha ya kweli?

Kwa sisi wa mpakani, hasara ni kubwa kuliko bei ya mashine. Mpaka wa Gatuna ulifungwa Februari 2019, ukafunguliwa mwisho wa Januari 2022. Aliyepoteza wateja wake miaka ile mitatu anajua kuwa mteja wa ng'ambo hapatikani tena kwa siku moja. Ukimpelekea mashine ya namba za uongo, nauli ya kuirudisha inakula faida yote, na jina lako linabaki upande ule.

Ninapendekeza mambo yafuatayo. Kabla ya kulipa, mwambie muuzaji azime programu ya kujazia mbele yako, na usome namba inayobaki. Hiyo ndiyo bei unayoijadili. Shika kipanya mwenyewe, ugeuke haraka. Mkono haudanganywi kama macho. Uliza jina kamili la kadi ya michoro na ukubwa wa kumbukumbu yake. Uliza pia skrini inajionyesha upya mara ngapi kwa sekunde: ikiwa ni mara 60, namba ya 120 ni pambo tu, kwani haiwezi kuonekana. Kwa mashine yenyewe, kusafisha vumbi na kushusha mipangilio ya michoro mara nyingi huleta picha za kweli bila senti.

Na wauzaji waandike namba mbili: picha za kweli ngapi, na za kujazia ngapi. RICA, ambayo kazi yake ni kumlinda mlaji, inaweza kulidai hilo kama inavyodai mengine. Muuzaji mwaminifu hana cha kupoteza, kwa sababu mashine nzuri yenye programu nzuri itauzika tu.

Biashara haiharamishi sukari kwenye chai. Inaharamisha kumuuzia mtu sukari kwa jina la chai.